Nyama ya Kusaga kwa Mlo wa Jioni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapishi wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila nyama ya kusaga inapotajwa: buchani Mwanjelwa, kwenye vikundi vya akina mama, na kwa wanafunzi wanaojipikia kwenye vyumba vya kupanga. Yanaanzia buchani na kuishia kwenye mambo yanayomtokea mtu mara chache. Kila jibu linajitosheleza, kwa hiyo unaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali lako. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, nimekuelekeza lilipo.

Utaona narudia jambo moja. Nyama ya kusaga ikikaushwa maji vizuri sufuriani, robo kilo yake inalisha nyumba nzima kwa kusaidiwa na viazi, njegere au ndizi ambazo huku kwetu hazikosekani. Ikiharakishwa, hata ukiweka kilo nzima utakula chakula kisicho na ladha.

## Kununua na kusaga

Nikifika buchani niombe nyama gani?

Omba steki ya bega au ya shingo yenye mafuta kidogo. Sehemu hizo zimefanya kazi kubwa mwilini mwa ng'ombe, kwa hiyo zina ladha nzito, na ugumu wake unamalizwa na mashine. Nyama ya paja nayo inasagika vizuri ila ni kavu, hivyo itahitaji mafuta zaidi sufuriani. Fileti usiipeleke kwenye mashine. Unailipia ulaini wake, na ulaini huo unapotea mara tu inaposagwa.

Kiasi cha mafuta ninachokiona kinafaa ni sehemu moja ya mafuta kwa sehemu tano au sita za nyama. Ikipungua hapo, vibonge na kababu vinakauka. Ikizidi sana, mchuzi unaelea mafuta, na baridi yetu ya Juni na Julai inayagandisha kwenye sahani kabla hujamaliza kula.

Kabla ya hayo yote, tazama kama mzoga unaoning'inia una mhuri wa mkaguzi wa nyama. Nyama isiyokaguliwa inaweza kubeba minyoo ya tegu na vimelea vya magonjwa mengine, na ukiipeleka kwenye mashine unavisambaza kote.

Ninunue iliyokwisha kusagwa au nisagiwe?

Sagiwa mbele yako. Chagua kipande, kipimwe, kisha kipite mashineni ukiwa umesimama pale. Nyama iliyosagwa asubuhi na kukaa kwenye sinia mpaka saa kumi na mbili jioni imeshabadilika, na hujui imechanganywa na nini.

Mwombe muuzaji mambo mawili zaidi: aondoe mishipa na ngozi nyeupe ngumu kabla ya kusaga, na apitishe nyama mara moja tu kama unataka mchuzi, au mara mbili kama unataka vibonge na kababu. Wauzaji wengi wanalifanya hili bila shida ukiomba kwa adabu na usipofika muda wa foleni. Ukimwambia "kaka, nisafishie mashine kwanza", usione haya. Mabaki ya jana kwenye tundu la mashine ndiyo yanayoharibu nyama ya leo.

Nyama ya kusaga inaoshwa?

Ikishasagwa, hapana. Ukiiosha inanyonya maji, damu na ladha vinatoka, na itakutesa kukauka. Anayependa kuosha aoshe kipande kizima kabla hakijasagwa, kisha akikaushe kwa kitambaa safi. Kinachoua vijidudu ni moto. Maji ya bomba yanavirusha tu kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye kachumbari iliyokaa karibu.

Bucha la mtaani kwetu halina mashine. Nifanyeje?

Kata kwa kisu. Iache nyama iwe ya baridi sana, iwe imekaa kwenye friza nusu saa au imelala kwenye ubaridi wa friji, halafu ikate vipande vyembamba, kisha vijiti, kisha vipande vidogo kama punje za mahindi. Malizia kwa kuipitia na kisu kikubwa juu ya kibao mara kadhaa. Kwa nusu kilo ni kazi ya kama robo saa, na mimi naona mchuzi wake ni mtamu kuliko wa mashine kwa sababu unatafuna nyama kweli. Kwa vibonge na kababu, hata hivyo, mashine haina mpinzani.

Nusu kilo inatosha watu wangapi?

Ikiwa peke yake kama mboga ya ugali, watu wanne. Ikichanganywa na njegere, viazi, kabeji au maharage, watu sita hadi wanane. Robo kilo pamoja na kisado cha njegere mbichi zilizomenywa hainishtui hata kidogo kwa watu watano.

## Kupika msingi

Unaanzaje? Nipe njia moja inayofaa kwa mapishi yote.

Hii ndiyo ninayoiita nyama ya msingi, na karibu kila pishi hapa chini linaanza nayo. Kwa nusu kilo ya nyama andaa vitunguu maji viwili, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, nyanya tatu zilizoiva, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, pilipili manga na mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula.

Bandika sufuria pana au kikaango ipate moto kweli. Tia kijiko kimoja cha mafuta, sambaza nyama itande, kisha iache kama dakika tatu bila kuigusa. Upande wa chini ukishapata rangi ya kahawia, ipasue kwa mwiko na uigeuze. Sasa sikiliza. Mwanzoni utasikia mlio mzito wa maji yanayochemka. Baada ya dakika kama tano hadi nane mlio unageuka, unakuwa mwembamba na wa kupasukapasuka, na mvuke unapungua. Hapo maji yameisha na nyama imeanza kukaangika kwenye mafuta yake. Iache ikaangike dakika mbili tatu zaidi, mpaka uone chembe zinashika ukoko wa kahawia na chini ya sufuria kuna utando wa rangi hiyo hiyo.

Sogeza nyama pembeni, tia mafuta yaliyobaki, kaanga vitunguu mpaka vilegee, kisha saumu na tangawizi kwa nusu dakika. Tia nyanya na chumvi, kwangua ule utando wa chini kwa mwiko maana ndimo ladha ilimo, kisha funika moto ukiwa wa wastani mpaka nyanya zimepondeka na mafuta yanaanza kuelea pembeni. Nyanya za Ilula zikiwa katika msimu wake hutahitaji nyanya ya kopo.

Mbona yangu inatoa maji mengi na kubaki ya kijivu?

Sababu ni tatu: sufuria ilikuwa haijapata moto, nyama ilikuwa nyingi kuliko sufuria, au iliingia ikiwa bado na barafu. Zote zinafanya maji yatoke kwa kasi kuliko yanavyokauka, na nyama inachemka badala ya kukaangika.

Pika kwa mafungu mawili kama sufuria yako ni ndogo. Ukishajikuta kwenye maji mengi, usiyamwage. Ongeza moto, acha wazi bila mfuniko, na subiri mlio ugeuke kama ilivyoelezwa kwenye nyama ya msingi. Kwenye jiko la mkaa, puliza makaa yakolee kabla ya kubandika; nyama isisubiri moto.

Mbona inakuwa madonge?

Ilikaa kwenye moto mdogo ikashikana kabla ya kuvunjwa, au ilisagwa mara mbili wakati unapika mchuzi. Tumia mwiko wenye ncha bapa na uipasue ile dakika ya kuigeuza, ikiwa bado laini ndani. Ikishaiva ikiwa donge, mimina maji vijiko vitatu vya chakula na uiponde. Itaachia kiasi.

Viungo gani vinafaa?

Tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga vinatosha kwa siku za kazi. Ukitaka harufu ya pilau, ongeza binzari nyembamba na mdalasini kidogo. Ukitaka rangi na ladha ya mchuzi wa Pwani, binzari manjano na giligilani. Ndimu au limao likamuliwe mwishoni moto ukiwa umezimwa. Pilipili kichaa iingie nzima bila kupasuliwa kama kuna watoto, halafu itolewe kabla ya kupakua.

Viungo vya unga vya paketi mara nyingi vina chumvi tayari. Ukivitumia, punguza chumvi yako kwa nusu, kisha onja.

## Mapishi ya jioni za kazi

Nimefika nyumbani saa moja usiku na watoto wana njaa. Kipi cha haraka zaidi?

Nyama ya kusaga na kabeji, kwa ugali. Bandika maji ya ugali kwenye jiko moja na nyama kwenye jingine. Nyama ikishakauka na vitunguu vimelegea, tia karoti iliyokwaruzwa na kabeji iliyokatwa nyembamba, nyunyiza chumvi, funika dakika tano. Nyanya moja inatosha, na hata isipokuwepo sawa. Kabeji ibaki na mgongo, isilale kabisa. Ugali ukiiva na mboga imeiva.

Mwenye jiko moja tu apike nyama kwanza, aihifadhi kwenye hotpoti, kisha asonge ugali.

Viazi mviringo na nyama ya kusaga vinapikwaje?

Hapa ndipo nyanda za juu zinajivunia. Viazi vya Mbeya na Njombe vinauzwa mpaka Dar es Salaam, na sisi tunavipata vikiwa bado na udongo.

Kwa rosti, kata viazi vinne vikubwa vipande vya ukubwa wa kiberiti. Andaa nyama ya msingi. Nyanya zikishapondeka, tia viazi na vikombe viwili vya maji ya moto, funika. Vikikaribia kuiva, ponda vipande vichache kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi ushikane, kisha tia hoho iliyokatwa na majani ya giligilani. Hii hailazimishi wali wala ugali. Inajitosheleza kwenye bakuli, na kwa baridi ya Julai sijui chakula kinachoishinda.

Kwa wenye oveni, au wenye sufuria inayoweza kufunikwa na makaa juu, chemsha viazi, viponde kwa maziwa na siagi, tandaza nyama ya msingi iliyokauka kwenye chombo na viazi juu yake. Choma mpaka juu pawe pa dhahabu. Nyama iwe kavu kweli, la sivyo viazi vinazama.

Na kuna katlesi: viazi vya kuponda vikiwa vimebaki, viringisha na nyama katikati, chovya kwenye yai, kaanga. Hii ni kazi ya Ijumaa, wakati hakuna wa kuwahi shule kesho.

Na njegere?

Msimu wa njegere mbichi ukifika, wamama sokoni wanazimenya na kuzipima kwa kopo mbele yako. Chukua zile ndogo zenye rangi ya kijani iliyokolea. Kubwa zilizopauka zina unga na zinachelewa kuiva.

Chemsha njegere peke yake kwa chumvi kidogo mpaka zilainike, kisha zitie kwenye nyama ya msingi pamoja na karoti na nusu kikombe cha maji yake. Dakika tano zinatosha kuonana. Wengine wanaongeza tui la nazi, na linapendeza, lakini njegere mbichi zina utamu wake na mimi naziacha hivyo. Kula na wali au chapati.

Ndizi za Rungwe je?

Ndizi za kupika kutoka Tukuyu na Kiwira zinaoana na nyama ya kusaga kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mchuzi wake unaingia kila pembe ya ndizi. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya ili utomvu usikushike, na kila ndizi unayomenya itumbukize kwenye maji yenye ndimu isiwe nyeusi.

Kata kila moja vipande vitatu. Panga ndizi chini ya sufuria, mwaga nyama ya msingi juu, ongeza maji ya moto yafike usawa wa ndizi, funika, moto wa wastani. Usikoroge. Tikisa sufuria tu, kwa sababu mwiko unazivunja. Zikilainika, zima jiko, tia ndimu na uache dakika tano zikiwa zimefunikwa. Pembeni weka kipande cha parachichi lililoiva na chumvi kidogo.

Naweza kupika wali na nyama kwenye sufuria moja?

Ndiyo, na mchele wa Kyela unapendeza kwa harufu yake. Andaa nyama ya msingi kwa nyanya moja tu, ongeza binzari nyembamba, tia mchele vikombe viwili uliooshwa na kuchujwa, geuza dakika mbili ushike mafuta. Mimina maji ya moto vikombe vinne, chumvi, funika. Maji yakikauka, punguza moto kabisa au palia makaa juu ya mfuniko.

Mchele wa Mbarali hutofautiana kulingana na aina na muda uliokaa tangu kuvunwa. Mchele mpya unataka maji pungufu. Kuhusu maji na mwinuko, tazama swali la vyakula kuchelewa kuiva.

Tambi ninazipikaje zisiwe uji?

Chemsha tambi kwenye maji mengi yenye chumvi, zitoe zikiwa bado ngumu kidogo katikati, kisha zimalizie kuiva ndani ya nyama yenye mchuzi pamoja na nusu kikombe cha maji zilizochemkia. Nyama iwe na nyanya nyingi kuliko kawaida, tano au sita kwa nusu kilo, zipikwe taratibu mpaka ziwe nzito.

Maharage na nyama ya kusaga vinaendana?

Vinaendana sana, na ndiyo njia nzuri ya kuongeza wingi bila chakula kuonekana cha kubana matumizi. Changanya robo kilo ya nyama ya msingi na vikombe vitatu vya maharage yaliyokwisha kuiva, ongeza hoho na pilipili, acha vichemke pamoja dakika kumi. Maharage lazima yawe yameiva kabla ya kukutana na nyanya. Uchachu wa nyanya unafanya maganda yakakamae, na yasipolainika mapema hayalainiki tena kwa urahisi.

Ushauri wangu ni kuchemsha maharage mengi Jumapili na kuyagawa kwenye makopo.

Vibonge vyangu vinavunjika kwenye mchuzi. Nakosea wapi?

Mara nyingi nyama ni kavu au haikukandwa. Kwa nusu kilo tia yai moja, vijiko vitatu vya mkate uliovurugwa na kulowekwa kwenye maziwa, kitunguu kilichokwaruzwa na kukamuliwa maji, na chumvi. Chumvi ndiyo inayofanya nyama inate, kwa hiyo kanda nayo kwa mkono kama dakika mbili mpaka mchanganyiko ushike vidole.

Viringisha kwa mikono yenye maji, vikaangwe kwanza kwenye kikaango pande zote mpaka vishikane, ndipo viingie kwenye mchuzi unaochemka polepole. Usiviguse dakika tano za kwanza.

Watoto wangu wanachagua mboga za majani na kuziacha pembeni ya sahani. Kuna njia?

Kata mboga nyembamba sana na uitie kwenye nyama ikiwa imeshakauka. Majani ya maboga yaliyotolewa nyuzi, Chinese, mchicha na karoti iliyokwaruzwa vinapotelea humo vizuri. Kwenye vibonge, karoti na spinachi iliyochemshwa na kukamuliwa hazionekani. Jioni ambayo mtoto ana hamu ya kusaidia, mpe kazi ya kuviringisha vibonge. Anayepika huwa anaonja.

## Mwinuko, baridi na umeme

Mbona vyakula vinachelewa kuiva huku kuliko kwa ndugu zetu wa Pwani?

Kwa sababu ya mwinuko. Kadiri unavyopanda, shinikizo la hewa linapungua na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi moja ya sentigredi pungufu kwa kila mita 300. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka karibu nyuzi 94. Kyela, iliyo chini karibu na Ziwa Nyasa, iko mita 500 tu, na maji yake yanachemka karibu nyuzi 98. Uwanda wa Kitulo, wenye zaidi ya mita 2,500, unashuka mpaka kama 91.

Ukiongeza moto, maji hayapandi joto. Yanakauka haraka tu. Maharage, mahindi ya makande na viazi ndivyo vinavyoumia zaidi. Funika sufuria vizuri, ongeza muda, na kwenye wali ongeza maji ya moto kama robo kikombe kwa kila vikombe viwili vya mchele. Presha kuka ndiyo dawa halisi, maana inarudisha shinikizo na joto linapanda juu ya 100.

Nyama ya kusaga yenyewe haipati shida hii, kwa kuwa inakaangwa, na mafuta yanapata joto lile lile Mbeya na Tanga. Ndiyo maana naipendekeza sana kwa jioni za haraka za huku juu.

Huku ni baridi. Nyama inaweza kulala nje ya friji?

Hapana, iwe mbichi au iliyopikwa. Usiku wa Juni unaweza kuwa mkali, na Njombe na Makete hupata hata barafu ya asubuhi, lakini jikoni ulikopikia kunabaki na joto kwa saa nyingi. Chakula kinahitaji kuwa chini ya nyuzi 5 ili vijidudu vitulie. Nyama isikae nje zaidi ya saa mbili.

Asiye na friji anunue ya kupika siku hiyo hiyo, robo kwa robo. Bucha halikimbii.

Inakaa muda gani kwenye friji na friza?

Mbichi kwenye friji: siku moja, mbili mwisho. Iliyopikwa: siku tatu hadi nne. Kwenye friza, mbichi inabaki na ladha nzuri miezi mitatu hadi minne.

Igawe kabla ya kugandisha, kila fungu la jioni moja, na uibonyeze iwe bapa ili iyeyuke haraka. Ninachopenda zaidi ni kupika kilo nzima ya nyama ya msingi Jumapili, bila viazi wala njegere, na kuigawa. Jumatatu inakuwa ya kabeji, Jumatano ya tambi. Ya baada ya hapo iende friza.

Kuigandua nifanyeje?

Itoe friza asubuhi uiweke sehemu ya chini ya friji, ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee vingine. Ukisahau, weka kifuko kisichovuja ndani ya maji ya baridi na ubadili maji kila nusu saa. Usiiache juani wala pembeni ya jiko.

Umeme umekatika usiku mzima. Nyama yangu je?

Usifungue mlango. Friji iliyofungwa inahifadhi ubaridi kama saa nne. Friza iliyojaa inaweza kufika saa 48, iliyo nusu kama 24. Nyama iliyobaki na chembe za barafu ndani unaweza kuigandisha tena au kuipika mara moja. Iliyoyeyuka na kupata joto kwa zaidi ya saa mbili, itupe, hata kama hainuki. Najua inauma.

## Maswali yasiyo ya kila siku

Nyama ni nyekundu juu, ndani imekuwa kahawia. Imeharibika?

Huenda ni nzima. Rangi nyekundu inatokana na hewa, na sehemu iliyojificha au iliyokaa inageuka kahawia au zambarau. Ipime kwa harufu na mkono: ikiwa na uchachu, au inateleza kama ina ute, usiipike.

Steki wengine wanaila ikiwa na wekundu. Kwa nini ya kusaga iive kabisa?

Kwenye kipande kizima vijidudu vingi viko juu, na moto unavifikia. Mashine inavichukua vile vya juu na kuvichanganya mpaka katikati. Ndani kunatakiwa kufike nyuzi 71. Kwa nyama ya msingi huna wasiwasi, kwani imekaangwa ikakauka. Kwenye kababu nene na vibonge, pasua kimoja: maji yanayotoka yawe meupe. Rangi peke yake inaweza kukudanganya, kwa hiyo mwenye kipimajoto cha jikoni akitumie.

Mtoto wa miezi sita anaweza kula?

Ndiyo. Akishaanza vyakula vya nyongeza, nyama ni chanzo kizuri cha madini ya chuma na zinki, ambayo umri huo anayahitaji sana. Ipike iive kabisa bila chumvi wala pilipili, ichanganye na viazi au ndizi na maji yake, uiponde iwe laini isiyo na chembe ngumu. Anza na kijiko kimoja. Toa sehemu yake kabla hujatia viungo vya wakubwa. Akikua, unaacha chembe kidogo kidogo.

Na mama mjamzito?

Ale, mradi imeiva kabisa. Nyama yenye wekundu aiache kwa sababu ya vimelea kama toksoplasma, na asionje mchanganyiko mbichi wa kababu kupima chumvi. Kaanga kibonge kimoja kidogo, onja hicho.

Nimezidisha chumvi.

Ongeza wingi: nyanya zaidi, viazi vilivyochemshwa bila chumvi, au nyama nyingine isiyotiwa chumvi. Kipande kimoja cha kiazi kilichotupwa sufuriani kinanyonya mchuzi na chumvi yake, lakini mchuzi unaobaki unakuwa na ukali ule ule.

Imeungua chini. Naiokoaje?

Usikoroge. Hamisha ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, onja. Kama harufu ya moshi haijapanda, endelea kwa nyanya na tangawizi mbichi. Kama imepanda, hakuna kiungo kitakachoificha.

Naweza kutumia nyama nyingine kwa mapishi haya?

Mbuzi inafaa, ila isagwe mara mbili na iongezewe tangawizi. Nguruwe ina mafuta yake, usitie mengine. Kuku ni kavu na haitoi ule ukoko wa kahawia kwa urahisi, kwa hiyo ifae zaidi kwa vibonge, na ndani ifike nyuzi 74.

Zimebaki vijiko vitatu tu vya nyama ya msingi. Nizifanyie nini?

Vunja mayai manne, piga na chumvi kidogo, pasha nyama kwenye kikaango mpaka itoe mvuke, kisha mimina mayai juu na ufunike kwa moto mdogo. Yakishikana, kata vipande. Ukiwa na chapati ya jana, ipashe kwenye kikaango hicho hicho na uviringishe mayai ndani yake.